Mbege Haisafiri Peke Yake

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa stendi ya Moshi, mbele ya dirisha la vifurushi, dumu la lita kumi liko miguuni na mimi natunga uongo. Karani aliinama, akalitazama dumu, akauliza, "Ndani kuna nini?" Bei ya kusafirisha pombe ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya mzigo mwingine, kwa sababu pombe humwagika, hunuka, na mwenye mzigo wa jirani huja juu. Nikamjibu, "Asali." Akachukua kalamu nene, akaandika ASALI ubavuni mwa dumu, na chini yake jina la kaka yangu Eliamini, Morogoro.

Mwanangu, juzi uliniuliza siku hizi lita tano za mbege kwa basi hadi Dodoma ni shilingi ngapi, maana mama mkwe wako hapokei simu zako na unataka kumtuliza. Nilikuambia nitakujibu. Jibu langu si fupi, kwa hiyo kaa, na hiyo simu iweke chini.

Dumu lile halikuwa na asali. Lilikuwa na mbege ya mama yangu, bibi yako, aliyeipika kwa ndizi za kihamba chetu, shamba la ukoo, na ulezi aliouotesha mwenyewe. Kwenye mkono wa dumu alikuwa amefunga jani la isale, lile tunalolipanda mipakani. Unajua maana yake. Ukimkosea mtu ukamletea isale, hawezi kulikataa, hata kama moyo wake bado unachemka. Ndivyo tulivyolelewa huku mlimani, Walutheri kwa Wakatoliki.

Mkosaji nilikuwa mimi. Miaka miwili nyuma, siku ya Krismasi, kaka Eliamini alikuja nyumbani na mkewe na watoto kama kila mwaka. Alikuwa fundi katika kiwanda cha sukari upande wa Morogoro, na ada yangu ya shule yote aliilipa yeye. Asubuhi hiyo akakata migomba mitatu iliyozeeka bila kuniuliza. Mimi ni kitinda mimba, nyumba ya baba kwa mila ni yangu, na kichwa kilikuwa kimenijaa. Nikatoka uani nikamwambia mbele ya watoto wake, "Wewe hapa ni mgeni wa Krismasi. Unakuja na mbuzi, unaondoka na ndizi. Kihamba kina mwenyewe."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kaka alinawa mikono, akamuaga mama, akapakia watoto wake kwenye gari hata nyama haijatoka jikoni. Krismasi iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Sisi Wachagga tunaweza kukosana mwaka mzima, lakini Desemba barabara yote ya kutoka Dar hujaa magari ya watu wanaorudi kwao. Mama alikuwa anakaa kibarazani anasikiliza magari hayo yakipita bila kusimama kwetu, na aibu ilinila.

Ndipo mama alipopika ile mbege. Miguu yake ilikuwa haimruhusu safari, akanikabidhi dumu na kuniuliza, "Unaipeleka wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kifuniko usikikaze. Mbege ni kitu hai, inapumua. Ukifika utaionja wewe kwanza, halafu umpe kwa mikono miwili."

Nilimwitikia vizuri kabisa. Kisha nikashuka Moshi mjini, nikaenda moja kwa moja kwenye lile dirisha. Nilijiambia kwamba tajiri wangu pale duka la mabati hatanipa ruhusa. Sikumwomba hata hiyo ruhusa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuona uso wa kaka yangu, na kifurushi kilikuwa theluthi ya nauli ya mtu. Hofu ikipata bei nafuu huitwa akili, mwanangu.

Karani alisema kitu chochote cha maji lazima kifungwe barabara. Akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akazungushia utepe wa gundi mara nne au tano. Nilijua. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya mbege anajua kinachofuata. Lakini ningesema nini, na nimeshasema ni asali? Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika Korogwe tu.

Joto la bondeni lilipoikuta mbege ndani ya buti la basi, kifuniko kiliruka kama risasi. Ikalowesha marobota ya vitenge ya mama mmoja mfanyabiashara na godoro jipya la bwana aliyekuwa anahamia Morogoro. Basi lilipofika, watu wakalisoma jina lililoandikwa kwenye dumu, wakamtafuta mwenyewe hadi kiwandani. Kaka yangu akaitwa kazini, akasimama stendi mbele ya watu wanaofoka, na ovaroli yake ya kazi, akimwomba radhi yule mama wa vitenge na yule bwana wa godoro. Akawalipa wote wawili. Mtu niliyekuwa namwomba msamaha ndiye aliyesimama kuomba msamaha kwa wageni, kwa ajili yangu, kwa mara nyingine tena.

Baada ya wiki moja nikaitwa kwenye dirisha lile lile. Dumu limerudi. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, na isale bado limefungwa kwenye mkono, limenyauka. Ndani kulikuwa na karatasi: "Mdogo wangu, isale siwezi kulikataa, na sijalikataa. Ila kwangu hajafika mtu. Mzigo usio na mtu namrudishia aliyeutuma."

Nilipandisha dumu nyumbani nikiwa nimekasirika. Nilitegemea mama amlaumu kaka kwa kunidhalilisha. Alitaka asomewe ile barua mara mbili, kisha akauliza jambo moja tu. "Kwani ulinidanganya na mimi?"

Kesho yake nikamkuta anavundika ndizi nyingine.

"Za nini, mama?"

"Za Eliamini."

Nilikataa kwenda. Nilisema nimetukanwa vya kutosha, kaka ana kiburi cha mshahara, na maneno mengine ya kipumbavu ambayo mtu husema akijua amekosea. Mbege ya pili ikaiva, ikasimama siku tatu jikoni, ikaanza kuchacha. Mama akawaita majirani. Wazee wakakaa uani, wakanywa msamaha wangu bure, na mmoja wao akaniambia mbele ya wote, "Kijana, endelea kugoma hivyo hivyo. Hapa tumepata kilabu." Walicheka sana. Mama hakucheka.

Krismasi ikaja, kaka hakuja. Tukachinja, na mama akatenga fungu la nyama la mtoto wake wa kwanza, akalitundika juu ya meko. Siku zikapita, nyama ikakauka na moshi ikawa nyeusi, na kila nilipoingia jikoni kuota moto niliikuta pale juu. Mwezi wa Januari mama akaitungua, akaifunga kwenye jani la mgomba, akaiweka mezani mbele yangu. Pembeni nikaona ulezi umeloweshwa kwa mara ya tatu.

"Nitapika mpaka uende," akasema. "Nikifa, mkeo utakayemwoa atapika. Usipomwoa mtu, hao majirani watapika. Lakini mbege hii itafika Morogoro kwa miguu yako, Ndesario, si kwa miguu ya dereva."

Nikaenda. Tajiri wangu alinipa ruhusa ya siku tatu nilipoomba, kwa neno moja tu, na hapo nikazidi kujiona mjinga. Nililibeba dumu mapajani kutoka Moshi. Mdomo wake mama aliuziba kwa jani la mgomba lililolegezwa, na kila povu lilipopanda nililifuta kwa leso. Abiria walinitania kwamba nimebeba mtoto mchanga. Kondakta alitaka nilishushe kwenye buti, nikamwambia atushushe wote wawili. Suruali ilinuka, mapaja yalikufa ganzi, na jua la bondeni nililipata lote. Nilipopita Korogwe nilikumbuka vile vitenge, nikaona haya peke yangu kwenye kiti.

Kaka alikuwa uani anatengeneza baiskeli ya mtoto.

"Shikamoo, kaka."

Aliacha mnyororo wa baiskeli uzunguke hadi ukasimama. "Marahaba," akasema, bila kunitazama.

Nikapiga magoti, nikamimina kwenye kata, nikaonja kwanza kama nilivyofundishwa. Nikamwambia, "Kule nyumbani hukuwa mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa sijui nimekaa kwenye nyumba ya nani." Nikampa kata kwa mikono miwili, isale likiwa juu yake.

Akanywa, akakunja uso. "Imechacha."

"Njia ni ndefu, kaka."

Akanywa tena, safari hii akamaliza. Ndipo akaniangalia usoni. "Kwa hiyo hii ndiyo asali yenyewe?"

Tukacheka mpaka mkewe akatoka ndani kuuliza kuna nini, akatukuta tunalia. Nikamtolea kaka ile nyama iliyokauka, fungu lake, akaipokea kwa mikono miwili. Desemba ile gari lake lilisimama kwetu. Mama alimpa fungu lake bichi, mkononi, akakaa kati yetu jioni yote akila kidogo kidogo na kutugusa magoti.

Masika iliyofuata tukamzika, mimi na kaka tumeshika jeneza upande mmoja.

Sasa hesabu na wewe, mwanangu. Mama alipata Krismasi moja na watoto wake wote wawili. Angepata mbili, kama mara ile ya kwanza ningepanda basi mwenyewe. Karani wa dirisha hawezi kukutajia bei hiyo, kwa sababu hata mimi niliyeilipa sijui ni kiasi gani. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimemlea hadi amekuwa mzee.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Vitu vingi tuma kwa basi, sina ugomvi na mabasi: tuma viatu, tuma parachichi, tuma vyeti. Lakini unapokosa, nenda. Nenda hata ukiwa na haya, na hasa ukiwa na haya, maana haya hiyo ndiyo anayotaka kuiona yule uliyemkosea. Mbege ikifungwa isipumue hupasuka, na neno la samahani ni hivyo hivyo.

Mama yako ameshapika, dumu liko jikoni, na kifuniko nimekilegeza mwenyewe. Isale nimelikata asubuhi hii mpakani, kwenye shina alilolipanda bibi yako. Basi la Dodoma linaondoka kesho alfajiri na tiketi nimeshakukatia. Nimeangalia mara mbili: imeandikwa jina la mtu, si la mzigo.

Mungu wa bibi yako akutangulie njiani, akuwekee moyo wa kupiga magoti. Mama mkwe wako na afungue mlango kabla hujabisha mara ya pili, aipokee kata kwa mikono miwili, na Krismasi hii asikose mtu yeyote mezani kwetu.