Siku Haisubiri Ilipopita Kwetu

Siku yangu ya kwanza kwenye injini, Mkaguzi wa Madereva pale Tabora alinitazama viatu kwanza, kisha uso. "Kwenu wapi?" Nikamtajia kijiji chetu, kati ya Isaka na Shinyanga, reli imepita nyuma ya nyumba. "Basi usije ukanisimamishia treni uende kula michembe ya viazi kwa mama yako!" Tukacheka wote.

Vijana wanaisifia treni ya umeme. Haya, waisifie. Ila hata zetu za dizeli zilivutwa kwa umeme: dizeli ilizungusha jenereta, na umeme wake ndio ulioendesha mota za magurudumu. Niliyokabidhiwa mimi watu wa njiani waliiita Haisubiri. Ilikuwa kuukuu, ina makelele, lakini kwa mwendo, acha bwana! Mayu, yaani mama yangu, akiisikia alitoka uani kunipungia kanga.

Siku moja mchana tulipofika Isaka, Mkuu wa Stesheni alikuja mwenyewe hadi kwenye ngazi ya injini. "Baba Shija, jikaze. Mama ametutoka alfajiri. Wanazika leo alasiri." Sisi Waislamu maiti hatuicheleweshi. Nikamwita kwa redio Mwongozaji wa Treni, yule wa Tabora anayeamua nani apite na nani angoje.

"Mkuu, nisimame kidogo tu pale kijijini kwetu, nikamtie mama udongo."

Akajibu, "Pole sana, ndugu yangu. Nyuma yako kuna treni ya mafuta, na hapo si stesheni. Dereva wa kukupokea zamu yuko Mwanza. Punguza mwendo, lakini usisimame."

Nikapunguza. Abiria walichungulia madirishani, hawajui lolote. Kaburi lilikuwa kando ya mihogo yake, karibu kabisa na reli. Kaka yangu alikuwa ameshika udongo mkononi, wanaume wote wamegeuka kunitazama. Msaidizi wangu akaanza kulia. Tukapita.

Sasa nimestaafu, nakaa hapa Isaka. Vijana wakinikuta kijiweni wananiamkia, "Shikamoo mzee, hebu tuambie ile injini ilivyokuwa ikikimbia!" Nawaambia, wanafurahi. Kuna jambo moja tu siwaambii, kwa sababu linaniuma hadi leo. Siku ile, tangu tulipoondoka stesheni, nilimwomba Mungu injini iharibike. Hata waya mmoja tu ukatike, tukwame pale nyumbani. Wallahi, haijawahi kunguruma vizuri kama siku ile.