Lori Dogo la Kiabakari na Tela Lake

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Musoma, Mthamini Mkuu alinipa jiko la mafuta ya taa lililotumika akaniambia niandike thamani yake. Niliandika bei ya jiko jipya dukani, nikakata nusu. Aliisoma karatasi, akanitazama juu ya miwani.

"Tambi zake ni ngapi?"

Sikuwa nimezihesabu. Alinirudisha mezani mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa binti niliyemaliza kidato cha nne, na nilidhani kuthamini mali ni kujua bei.

Ofisi yetu ilifanya udalali na uthamini. Mahakama, mabenki na familia zenye mirathi walituita tuseme mali fulani ina thamani gani. Tulichotafuta kiliitwa thamani ya soko: kiasi ambacho mnunuzi asiyelazimishwa angempa muuzaji asiyelazimishwa. Nilianza na samani na vyerehani. Baadaye nikahamishiwa Bunda, chini ya Meneja wa Tawi, mama mmoja mkali ambaye hakupenda kuona mthamini amekaa ofisini. Alinipeleka kwenye mashine za kuchambua pamba, akanipeleka Kisorya kwenye injini za boti. Injini ya boti tulikuwa tunaiwasha ndani ya pipa la maji, tunaisikiliza muda mrefu kabla ya kuandika neno lolote. Nilikaa Bunda miaka kumi na moja, nikarudi Musoma nikiwa mthamini mwandamizi.

Kazi ninayotaka kuwasimulia ilinikuta nikiwa nimebakiza miaka michache ya kustaafu. Wakati huo Mthamini Mkuu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, mpole, mwenye digrii. Alinikabidhi faili la mirathi ya Mzee Masatu wa Kiabakari, dereva aliyeendesha malori ya pamba maisha yake yote. Mzee aliacha watoto wawili. Bwire alikuwa na duka la vipuri Musoma. Dada yake, Wegesa, hakuolewa. Aliishi na baba yao na kumuuguza mpaka mwisho.

Mali ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma na lori dogo la modeli. Lilikuwa kichwa na tela, rangi ya bluu, lote urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Fundi mgeni aliyekuja kufundisha madereva alimpa mzee zamani kama zawadi. Malori ya namna hiyo hutengenezwa kwa kuyeyusha metali laini ya zinki na kuimimina kwenye kalibu, na wapo watu ng'ambo wanaoyakusanya na kuyalipia fedha nyingi. Bwire alikuwa ameona picha ya lori kama hilo kwenye simu, na bei yake ilikaribia thamani ya nyumba.

"Basi mambo ni rahisi," alisema mbele ya baba yao mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. "Dada achukue gari, mimi nichukue nyumba. Tuko sawa."

Nilitoa kioo changu cha kukuzia. Nilikagua vioo, taa, matairi, na vibandiko vya milangoni. Nililinganisha na picha, nikamuuliza Bwire historia ya lori, akanieleza vizuri. Rangi ilikuwa imechubuka kidogo tu. Baba mdogo akaniuliza, "Kwa hiyo mama, ni kweli linafika bei hiyo?"

Nilipaswa kumwambia asubiri ripoti. Badala yake nilisema, "Linafika, au karibu."

Wegesa alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo. Aligeuka, akatoka nalo nje.

Wiki mbili baadaye niliweka ripoti mezani kwa Mthamini Mkuu. Aliisoma yote.

"Imekaa vizuri, mama. Kichwa na tela ni vya kiwanda kimoja?"

"Vilikuwa vimeungana."

"Uliviachanisha?"

Kesho yake nilipanda basi kwenda Kiabakari na sumaku kwenye mkoba.

Nilimkuta Wegesa peke yake. Sebule ilikuwa tupu. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba, sufuria zimo kwenye gunia, tayari kumwachia kaka yake nyumba. Alinikaribisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana viti vilishapelekwa kwa jirani.

Zinki haivutwi na sumaku. Niliigusisha kwenye kichwa cha lori, haikunasa. Nikaigusisha ubavuni mwa tela, ikang'ang'ania. Nilichomoa tela kwenye pini yake, nikalipindua. Pembeni kulikuwa na mistari myembamba ya risasi ya kulehemu, imepigwa msasa kwa uangalifu mkubwa. Ndani, pasipopakwa rangi, yalionekana maandishi ya kopo la mafuta ya kupikia.

"Hili tela nani alilitengeneza?"

"Baba," Wegesa alisema. "Lile la kwanza lilianza kupasuka lenyewe, likawa linamomonyoka kama muhogo mkavu. Alikuwaga anakata bati hapo nje, mimi namshikia."

Zinki ikichanganyika na uchafu wakati wa kuyeyushwa hufanya hivyo, hata lori likikaa kabatini. Nililijua hilo kwa miaka mingi.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Ulimuuliza kaka, mama. Mimi hukuniuliza. Nikadhani umeona, wewe ndiye ulikuwa na kioo."

Jumapili baada ya ibada tulikaa wote wanne. Nilieleza kwamba kichwa peke yake, bila tela la kiwandani wala boksi lake, kina thamani ndogo, haikaribii hata choo cha nyumba ile. Bwire alisimama.

"Lakini ulisema mwenyewe linafika!"

"Nilisema. Nilikosea, na nimeandika hivyo kwenye ripoti."

Alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliliomba lile tela, akalipindua, akapitisha kidole kwenye mishono. "Mimi sikujua alitengeneza," alimwambia dada yake. "Alitengeneza lini?"

"Ulikuwa Musoma."

Baba mdogo aliamua nyumba ibaki kwa Wegesa, na Bwire apate chumba kimoja cha kufikia. Lori alilichukua Bwire, na hakuna aliyepinga. Mimi na Wegesa tulifungua kamba za magodoro. Vifundo vilikuwa vimekazwa sana, mpaka tukaomba kisu kwa jirani.

Sasa nimestaafu, nalima bustani Musoma, na wathamini vijana hunitumia picha za vitu kwenye simu wakiuliza bei. Huwa nawauliza nani anakifuta vumbi hicho kitu, na kama wameshaongea naye. Wengine huona bibi anazunguka tu. Sijawahi kuwaeleza sababu. Ni kwamba mwanamke mmoja alilala wiki mbili kwenye nyumba yake kati ya mizigo iliyofungwa, kwa neno langu moja, na asubuhi niliyorudi alinichemshia chai kwenye sufuria aliyoitoa ndani ya gunia.