Pikapu ya Mama na Vali Iliyogoma Baridini

Sisi tuliokulia Njombe kabla simu hazijaingia mifukoni hatutishwi na baridi ya Guangzhou. Januari ikifika, wafanyabiashara wenzangu wa hapa mtaa wa Xiaobei, hasa wa Dar na Unguja, huvaa makoti mawili mawili na kunung'unika kwamba vyumba vya huku havina joto. Mimi nawacheka. Wao walikua wakioga baharini. Sisi tulivunja barafu kwenye ndoo ndipo tunawe uso.

Tuliamka nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, tukashindana kuteleza juu yake. Aliyeanguka akalowa sweta alikwenda shule hivyo hivyo, na kuni zake kichwani, maana jiko la shule lilitungoja sisi. Mifukoni tulitia viazi vya kuchemsha vingali vya moto. Njiani vilipasha mikono, saa ya mapumziko tukavila. Ukilalamika, mama alikuwa na jibu moja: "Baridi haimwezi anayetembea."

Mama yetu aliendesha pikapu ya dizeli aliyoiacha marehemu baba. Kila alfajiri alipita kwa akina mama wa kikundi chao cha wafugaji, akikusanya madumu ya maziwa na kuyapeleka mjini kabla hayajaharibika. Tulikula, tukavaa na kusoma kwa pikapu ile.

Ndipo ukaja msimu wa baridi ambao pikapu iligoma. Asubuhi ilikohoa, ikatoa moshi mweupe unaochoma macho, ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Jua likishapanda ilitulia, ikaenda vizuri kana kwamba ilikuwa inatutania. Kila jirani alikuwa na lake. Mmoja alisema betri, mwingine akasema dizeli imeganda. Mama alibadilisha plagi za kupasha joto injini, na hali ikabaki ile ile. Maziwa yalianza kuchelewa, na akina mama wa kikundi wakaanza kuulizia gari jingine.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kwa nia njema. Alikaa jikoni, akanywa chai, kisha akasema taratibu, "Shemeji, hili gari limekufa. Nimepata mtu wa kulinunua kama chuma chakavu. Pumzika."

Mama aliendelea kumenya viazi. "Sawa, shemeji. Lakini siridhiki kabla sijajua limekufa kwa nini. Mlete huyo mtu wiki ijayo."

Kesho yake alimwita fundi Sanga, na akamtaka aje alfajiri, wakati gari linaumwa. "Ukija mchana utalikuta limepona," alimwambia. Fundi alikuja amejifunga kitambaa cha mkewe shingoni. Waliliwasha kwa tabu, likawa linatetemeka. Fundi akalegeza mirija ya dizeli mmoja baada ya mwingine. Kila alipolegeza, injini ilizidi kuyumba, isipokuwa mrija wa tatu. Pale haikubadilika hata kidogo.

"Silinda hii haifanyi kazi," alisema. "Labda nozeli, hii inayonyunyiza dizeli."

Akahamisha nozeli ya silinda ile kwenye nyingine. Ugonjwa ukabaki pale pale, silinda ya tatu; basi nozeli haikuwa na kosa. Mama akatutuma maji. Akachovya vidole na kudondosha matone kwenye mabomba ya ekzosi, pale yanapotokea kwenye injini. Kwenye mabomba mengine maji yalichemka yakatoweka. Kwenye lile la tatu, lililobaki baridi, yaliteremka tu kama machozi. Mimi na dada yangu tulisahau baridi, tukabaki tumekodoa macho.

Walizima, wakafungua kifuniko cha juu. Fundi alizungusha injini kwa spana, polepole. Vali nyingine zote, ile milango midogo ya hewa na moshi, zilishuka na kurudi juu. Moja ya kutolea moshi, ya silinda ya tatu, ilibaki chini, kama mtoto anayegoma kuamka. Fundi akaigonga kidogo kwa mpini wa nyundo, ikaruka mahali pake.

"Masizi yameibana," alisema. "Injini ikipoa inakwama, ikipata joto inaachia. Lakini mama, hapa lazima nishushe kichwa cha injini chote."

"Shusha," mama alijibu.

Siku zile za matengenezo, maziwa yalikwenda mjini kwa baiskeli na kwa vichwa. Mama mwenyewe alibeba dumu, na sisi tukabeba vidumu vidogo hadi barabarani kabla ya shule. Jioni alikaa na fundi akiisaga vali mpaka ikakaa sawasawa. Mikono yake ilipasuka kwa baridi na mafuta. Sikumsikia akilalamika.

Baba mkubwa alirudi na mnunuzi wake asubuhi yenye sakitu kali. Mama aliwasalimia, akaingia kwenye pikapu, akazungusha ufunguo. Ikawaka. Moshi ulitoka kidogo, kisha ukasafika. Baba mkubwa alisikiliza mngurumo ule kwa muda, akamgeukia mnunuzi na kumwomba radhi kwa usumbufu. Halafu akavua koti na kuanza kupakia madumu.

Leo mpwa wangu Osia, kijana mzuri tu, hunisaidia kununua nguo soko la Shisanhang. Muuza duka akisema "meiyou", yaani hakuna, Osia anageuka na kuondoka, na mimi ndiye ninayerudi kuuliza tena hadi mzigo utoke stoo. Simu yake ikigoma hata kidogo ananiambia, "Shangazi, si tununue mpya?" Simlaumu. Amekulia kwenye mji unaouza kila kitu kipya.

Nami nimezoea raha za huku. Chumba changu hapa barabara ya Huanshi Zhonglu kina hita, blanketi zito na birika la umeme. Kule Njombe tulilala watoto wanne kitanda kimoja, tukivutania shuka hadi kunakucha, na aliyelala ukingoni alilia apelekwe katikati. Sasa kitanda chote ni changu, na usiku wa baridi bado najikuta nimelala ukingoni.