Mtoto Aliyenyamazia Jina la Namalwa

Harufu ya maziwa yaliyofurika yakaungulia kwenye jiko la mafuta taa hainitoki puani. Jirani akiyasahau motoni, mimi narudi mtaa wa Kaloleni, kwenye chumba chetu cha karibu na mfereji wa maji, miaka ile ya tisini, na kitinda mimba wangu analia.

Alilia tangu kuzaliwa, wanangu. Si njaa, si tumbo. Alijikaza kama ukuni mpaka Mama Kasyoka, jirani yetu Mkamba ambaye mumewe alichonga twiga wa mbao, anagonga ukuta: "Mama Nekesa, huyo mtoto umemkalia?" Nekesa ndiye kifungua mimba wangu. Yeye uchangani alilala tu kama gunia la viazi.

Kwetu Bungoma, mtoto akilia hivyo kuna marehemu anayetaka jina. Mama mkwe wangu, Kukhu Nasimiyu, yaani nyanya yao, akapanda basi akaja. Akampakata mtoto, akaanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Nafula. Mtoto kelele. Nanjala. Kelele. Namalwa. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Namalwa alikuwa shangazi wa mume wangu, Barasa. Alimng'ata mumewe sikio, akachoma ghala la mahindi, akafa hana wa kumzika ila ndugu zake. Lakini jina likishakubaliwa limekubaliwa.

Basi akimwaga uji, tunasema: huyo Namalwa huyo. Akikataa kuoga: amerudi na fujo zake. Nekesa naye alikuwa akimwaga uji. Yeye tulimwambia apanguse.

Alipokaribia kuanza shule, siku moja watoto walikuwa foleni mferejini. Kasyoka akamwambia, "Wewe si mtoto, wewe ni mzimu. Mamangu amesema." Namalwa akamtandika kikombe cha bati, paji la uso likapasuka. Mama Kasyoka akaja mlangoni amembeba mtoto wake, damu mpaka kwenye leso.

"Baba Nekesa! Mtoto wa nyoka ni nyoka! Leo ni kichwa, kesho atatuchomea nyumba!"

Barasa alikuwa mtu wa reli, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alisema polepole kwamba mtoto ataenda nyumbani kwa Kukhu, akakae huko. Nikasema bado ni mdogo. Akasema, "Wenye jina lao wamchukue."

Kukhu akaja kumchukua. Alasiri hiyo nilikuwa nimebandika maziwa, mtoto amekaa kwenye kigoda, nguo zake zimefungwa kwenye leso kuukuu. Kukhu akamtazama mwanawe.

"Barasa, nani alikuambia tabia hii ni ya Namalwa?"

"Mama, si ni wewe ulimpa jina?"

"Jina nilimpa. Namalwa mimi nilimkuta mtu mzima, utoto wake sikuuona. Wako niliuona. Ulikuwa ukigonga kichwa ukutani mpaka baba yako anatoka nje. Ulimng'ata ndugu yako Simiyu, na alama anayo. Huyu ni Barasa mtupu."

"Na mbona mimi siko hivyo?"

"Nilikufunga mgongoni nikaenda kulima. Ukipiga kelele, mimi nalima. Hakuna aliyekuambia wewe ni fulani."

Maziwa yakafurika. Hakuna aliyesimama. Barasa akavaa kofia yake ya kazi, akatoka. Nilidhani ameenda kufikiri. Asubuhi akawabebea Kukhu na mtoto mzigo mpaka kwenye basi.

Mtoto hakulia. Mimi pia sikulia. Niliporudi kutoka kwenye basi nilisugua jiko.

Alirudi kwetu akiwa msichana mkubwa, Kukhu alipofariki. Shule ya kwanza akapigana, akafukuzwa. Ya pili akavunja dirisha la ofisi, akafukuzwa. Barasa alinunua kioo, akaenda kukitia mwenyewe. Mtaani wakasema, si tulisema.

Siku hizi anaishi mtaa wa Komarock, anashona nguo. Juzi alikuja kunisalimia, akaongea bila hasira, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

"Mama, unajua kule nyumbani nilikuwa nikiamka najishika uso? Nilijua iko siku nitakuwa nimemaliza kugeuka yule mwanamke. Nikaona basi, heri nimalize haraka."

"Kukhu hakukuambia tabia hiyo ni ya baba yako?"

"Aliniambia. Lakini Kukhu alikuwa mmoja. Nyinyi mlikuwa wengi."

Akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mkono wa sweta yangu.

"Nilikuwa nimeshazaa ndipo nikajua ile hasira ilikuwa yangu mwenyewe. Na kitu kikiwa cha mtu mwenyewe, Mama, anaweza kukiweka chini."

Nilimsikiliza. Nilitafuta ndani yangu mahali pa kuumia, sikupaona. Nikamwuliza atakula nini.

Akasema chochote.