Mkono wa Mkwe

Shirika alilofanyia kazi Lusweti liliitwa Tuko Pamoja, na ofisi yake ilikuwa Kakamega mjini, juu ya duka la mbolea. Mkurugenzi, Bi Christine, alikuwa na msemo wake: mtu si gunia. Basi ikawa sheria kwamba kila anayepokea mahindi apewe kwanza mkono na aambiwe, "Pole, tuko pamoja." Jumatatu baada ya maombi wafanyakazi wenyewe walipeana mikono, wakamaliza kwa makofi ya kilo, yale yanayopigwa kwa mpigo mmoja. Aliyetoa mkono kwa kulegea aliambiwa hajashika roho ya shirika. Tuseme haki, sheria hiyo ilitoka kwenye moyo mzuri. Shida ya moyo mzuri ni kwamba ukishageuzwa utaratibu, hauulizi tena uko mbele ya nani.

Mwaka wa tisini na mbili, watu walipofukuzwa mashambani, Lusweti alipelekwa Mautuma, ambako familia zilikuwa zimejibanza kwenye uwanja wa kanisa. Wiki za kwanza alishika viganja vilivyobabuka kwa moto, na jioni obusuma, ugali wa kwao, ukamshinda kumeza. Baadaye akaweza kula. Baadaye tena akala na kuongeza. Mkono ukawa unatoka wenyewe, mdomo unasema wenyewe, macho yamebaki kwenye mahindi. Hakuwachukia watu wale, wala hakuwapenda. Alikuwa amechoka mahali ambapo usingizi haufiki.

Mkewe, Nekesa, aliyehamia naye huko, alimsindikiza kila asubuhi kwa neno lile lile. Nyumba ya mama yake, Zilpah, ilikuwa imechomwa huko Lugari, na hakuna aliyejua bibi huyo alikimbilia wapi.

"Baba Griffin, angalia kila mama usoni."

"Ninaangalianga," Lusweti alijibu, na hakudhani kwamba anadanganya.

Siku moja Zipporah, aliyekuwa jirani ya Zilpah kabla ya moto, alifika mbele ya foleni akauficha mkono wake ndani ya leso.

"Mimi usinishike. Mama mkwe wako alipita hapa juzi."

Lusweti aliweka chini kopo la kupimia. "Zilpah? Yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Ulimshika mkono, Baba Griffin. Mbele ya watu! Ukamwambia pole, tuko pamoja, ukaita mwingine."

"Sikumwona."

"Sisi tulikuona."

Kwao mwanamume hamshiki mama mkwe mkono. Akimwona njiani humpisha, na salamu humrushia kwa mbali. Mama mkwe naye hawezi kubisha mlangoni kwa mkwewe na furushi kichwani, hata akiwa na njaa. Husubiri kuitwa. Kwa hiyo Zilpah alipanga foleni akiwa na hesabu yake: mkwe akimwona tu ataruka pembeni kwa heshima, atamwachia mwenzake ampimie mahindi, na kabla ya jua kutua Nekesa atakuwa amekuja kumchukua mama yake.

"Alisema, mkwe akikushika mkono hivyo, amekwambia huna binti kwake," Zipporah aliendelea. "Hata mahindi aliyaacha hapo chini. Akapanda lori la mkaa. Lilikoenda hatujui."

Lusweti alimpelekea Patroba, msimamizi wake, habari hiyo. Patroba alimsikiliza akitikisa kichwa.

"Pole, ndugu yangu. Lakini ulifuata utaratibu. Wengine hapa wanarukanga wamama wazee, eti mila. Ungetoa ushuhuda huo Jumatatu."

Akampa mkono, na Lusweti akaupokea. Alijipekua kifuani atafute hasira, hata kidogo, ya kumjibia Patroba. Hakuikuta. Akarudi kwenye mahindi akawamaliza waliobaki, na kila mmoja alimpa mkono.

Jioni alimweleza Nekesa yote, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo kanisani. Alingoja apigiwe kelele, na kwa kweli alizitamani kelele hizo. Nekesa aliketi kwenye kigoda, akamshika mkono wa kulia, akaugeuza, akakikagua kiganja kama anayetafuta mwiba.

"Kwa hivyo ni huu?"

"Ni huo."

"Mkono wake ulikuwaje? Amekonda? Ulikuwa na kidonda? Ulikuwa na joto?"

Lusweti alitazama kiganja chake pamoja naye. Alijaribu kukumbuka. Alijaribu kwa bidii, Mungu ni shahidi.

"Niambie tu kama ulikuwa na joto," Nekesa alisema.

Hakukumbuka.