Kinyozi Kwenye Mafungo ya Ukimya

Dukani kwake redio yenyewe humpisha kinyozi huyu aongee, lakini alipofika kwenye mafungo ya ukimya kule msituni alijipa uaskari. Ukinong'ona tu, kidole kiko mdomoni: "Shh!" Bibi mmoja aliyebanwa na kikohozi alionyeshwa kidole hicho mpaka akawa anakoholea ndani ya mtandio. Ajabu ni kwamba vidole vya kinyozi mwenyewe havikutulia. Viwili vya mkono wa kulia vilifunguka na kufunga kama mkasi, vikikata hewa.

Asubuhi moja waliketi chini ya miti, macho wameyafumba. Nyuki walivuma kama mashine ya kunyolea, naye kinyozi akazama katika ndoto ya dukani kwake. Mkono ukaenda wenyewe, ukashika kichwa cha jamaa aliyekaa mbele yake, na sauti ya dukani ikamtoka: "Inamisha kidogo, bosi." Jamaa akainamisha. Kinyozi akafumbua macho, akaona migongo ikitikisika kwa vicheko vilivyobanwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamgeukia bibi wa kikohozi, jasho linamtiririka, akafungua mdomo amwombe radhi. Bibi akamtazama kwa huruma, akaweka kidole mdomoni.