Neno Lisilopigwa Muhuri

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya vyeti mjini Amu. Mbele yangu alisimama bibi wa kisiwa cha Ndau, aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Bila cheti, shule haitamsajili msichana huyo kwa mtihani.

"Bado tunaprosesi, mama," alisema karani, macho kwenye simu.

"Kuprosesi ndiko kufanya nini, mwanangu?"

"Ni kushughulikia."

"Nani ashughulikia? Na karatasi yenyewe i wapi?"

Karani alinyoosha kidole juu, kwenye pangaboi. "Iko kwa sistimu. Inaprosesiwa."

Bibi alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya buibui. Kisha akatoa daftari la shule mkobani, akalifungua penye ukurasa mtupu na kulisukuma chini ya kioo cha dirisha la karani.

"Mimi naja kwa mashua, na yeo ni mara ya tatu. Niandikie neno hilo hapo, utie sahihi na muhuri, nimpelekee mwalimu."

Karani aliondoa mikono yake mezani. "Hilo siwezi kuandika, mama."

"Kwani si kweli?"

Karani akalisukuma daftari kurudi kwake. Bibi akalifunga daftari, akaondoka.

Kitenzi hicho cha Kizungu nimekisikia miaka mingi. Kimeprosesi kitambulisho changu, kikaprosesi hati ya shamba, sasa kinaprosesi cheti ninachodaiwa kwa pensheni. Sijawahi kufikiria kukiombea muhuri.

Zamu yangu ilifika. Karani akainua macho, akafungua kinywa.

"Najua," nikamwambia, nikaenda zangu nyumbani.